Nne, Baki Sita

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aende zake, maana nchi ninayowapeleka haina njia ya mkato. Inaitwa Majibuni. Kwenye ramani haimo, na mimi mwenyewe sijaikanyaga. Aliyeikanyaga ni Mwalimu Sikudhani Mbwego, mwalimu wa hesabu wa darasa la nne, mwanamke mkweli mpaka anakera. Alifikaje, na alirudije? Msiniulize mimi, na yeye msimuulize, maana hajui. Anachokumbuka ni kwamba ilikuwa Ijumaa mchana, yuko ofisini anasahihisha mafumbo ya hesabu, madaftari sitini na mawili, kalamu nyekundu mkononi. Akafumba macho kidogo apumzishe kichwa. Alipofumbua alikuwa amesimama barabarani, kalamu bado anayo, na barabara ilikuwa inabonyea chini ya viatu vyake kama godoro.

Akainama kutazama. Kumbe ardhi yote imefunikwa na maneno. Yalikuwa meupe, mepesi, yamelala kama sufi iliyopasuka mtini. Ukikanyaga, moja mawili yanaruka, yanapita sikioni yakinong'ona, “kisha”, “jirani yake”, “kwa kuwa hakumkuta nyumbani”, halafu yanatua tena pale pale. Sikudhani akaona raha ya ajabu, akatembea polepole kwa kuogopa kuyaumiza.

Maneno yale yalikuwa yakitoka katika dirisha la jumba moja refu. Yalimwagwa kwa ungo, ungo baada ya ungo, hayaishi. Juu ya mlango pameandikwa: BARAZA LA KUKAMUA. Mwalimu akaingia.

Ndani kulikuwa na foleni ya raia wenye shida zao. Mbele yao, juu ya kiti kirefu, alikaa Mkamuzi Mkuu, Bwana Kinyogoli, mzee wa miaka sitini na ushei, joho jeusi, kitabu kikubwa magotini. Mama mmoja alikuwa akieleza, sauti imemkauka kwa kulia:

“Bwana Mkamuzi, mume wangu ameondoka siku tisa sasa. Ameniacha na watoto wanne. Nifanyeje?”

Karani akayapokea maneno yake katika kifumbu, akayakamua kwa mikono miwili kama mtu anayekamua tui. Zikadondoka namba mbili mezani, tisa na nne. Machicha yaliyobaki, yaani mume na watoto na kuondoka, yakatupwa dirishani.

“Kumi na tatu,” akatangaza Bwana Kinyogoli, akagonga muhuri. Yule mama akapewa karatasi yake, akashukuru, akaenda zake. Akashukuru, jamani!

Sikudhani hakuweza kunyamaza. Akauliza, kwa adabu lakini kwa sauti, kwa nini kujumlisha? Watu wote wakageuka kumtazama, na Mkamuzi akatabasamu kama anavyotabasamu mwenyeji anapoulizwa na mgeni chumvi inapatikana wapi.

“Mgeni, sheria zetu ni nyepesi. Namba mbili zikikaribiana, jumlisha. Moja ikiwa kubwa na nyingine ndogo, gawanya. Kikibaki kitu, kiitwe baki, na kiachwe kilipo. Maneno yana kazi gani? Maneno yanachelewesha. Zamani babu zetu walisoma swali zima, mpaka nukta ya mwisho. Unajua foleni ilikuwa inafika wapi?”

“Sijui.”

“Hata sisi hatujui. Hakukuwa na aliyeandika namba.”

Ungetegemea Mwalimu Sikudhani acheke. Hakucheka. Sheria zile alizijua. Alikuwa amezifundisha. Yeye mwenyewe, kwa chaki yake, aliwaambia watoto wa watu: tafuteni namba, msipoteze muda, mtihani ni saa moja na nusu. Aliona aibu ikimpanda shingoni, akaficha kalamu nyekundu ndani ya mkono wa gauni.

Hapo ikalia baragumu, foleni ikavunjika, na raia wote wakatoka nje wakisukumana kwa furaha. “Siku ya Kuvuka!” walisema. “Mgeni, una bahati, umefika Siku ya Kuvuka!”

Walimpeleka ukingoni mwa nchi. Majibuni inaishia kwenye korongo, na korongo lile limejaa ukungu mzito, mweupe, unaopumua taratibu kama mtu aliyelala. Ng'ambo yake, kwa mbali, vinaonekana vilima vya kijani na mapaa ya shule, na ukitega sikio unasikia watu wakiimba. Huko ndiko mtoto wa Majibuni anakokwenda kuendelea na maisha baada ya darasa la nne. Njia ni moja tu, kamba nene iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake hupita matenga makubwa ya ukindu. Kila tenga hubeba watoto wanane, wala hazidi hata mmoja. Ukungu hushuka mara moja kwa mwaka, asubuhi hadi adhuhuri. Adhuhuri ikifika unapanda, unafunika kamba, basi, mpaka mwakani.

Watoto wa mwaka ule walikuwa thelathini na wanane. Wamepangwa mstari, sare mpya, nywele zimechanwa. Na kwa heshima ya siku yenyewe, hesabu ya kuvuka hufanywa na mtoto anayeongoza darasa. Akaitwa. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mwembamba, macho makubwa, jina lake Tunu. Akatoka mbele, karani akasoma swali, na liliposikika neno “wanane” akalikata hapo hapo, machicha akayapeperusha. Tunu hakuandika popote. Akainua kidevu:

“Nne, baki sita!”

Makofi! Bwana Kinyogoli mwenyewe alisimama kumpigia. Kisha Tunu akarudi kwenye mstari, na kwa kuwa alikuwa ametoka mbele, nafasi yake ilikuwa imeshazibwa, akasimama mwisho kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri. Tenga la kwanza likaenda na wanane. La pili. La tatu, ambamo alipanda Faki, pacha wake Tunu, aliyezaliwa nyuma yake kwa muda wa kuchemsha chai, na ambaye tangu azaliwe hajawahi kulala bila kumshika dada yake sikio. La nne likaenda. Kisha karani akafunga kitabu, akaanza kukunja mkeka.

Watoto sita walikuwa bado wamesimama ukingoni.

“Na hawa?” Sikudhani akauliza.

“Hao ni baki,” karani akajibu, bila ubaya wowote.

“Watavuka lini?”

“Baki haivuki, mgeni. Mwakani kutakuwa na watoto wengine na namba nyingine. Hawa hawamo tena katika namba yoyote.” Akanyoosha kidole kwenye vibanda kadhaa vilivyobanana ukingoni, moshi mwembamba ukitoka. “Wana kijiji chao pale. Hawasumbui mtu.”

Kutoka ng'ambo ikasikika sauti ya Faki, ndogo kabisa, inaita, “Tunuuu!” Tunu akasimama wima kama alivyosimama mbele kujibu. Bado alikuwa anajaribu kuonekana mtoto aliyepata.

Mwalimu Sikudhani alisema baadaye kwamba hajawahi kuogopa kama alivyoogopa pale. Alitazama jua. Mpaka adhuhuri ilibaki kama saa moja hivi.

Aliyekuwa akizungusha gurudumu la kamba ni mama mmoja wa makamo, mikono imekomaa, kilemba kimefungwa ovyo. Jina lake Bi Siwema. Sikudhani akamwendea, akajitambulisha kuwa ni mwalimu.

“Shoga yangu, tenga la tano lipo?”

Bi Siwema akacheka kwa pua. “Matenga? Ghala limejaa. Yanaliwa na mchwa. Tenga si tatizo, mwalimu. Tatizo ni jibu.” Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mimi ni baki moja. Tulikuwa thelathini na watatu.” Akarudi kwenye gurudumu lake, akalipangusa, kama mtu aliyetaja bei ya nyanya.

Basi Mwalimu akakaa chini na wale watoto sita, pale pale vumbini. Hakuwapa jibu. Angeweza, lakini aliona kuwa jibu lake lingekamuliwa kama mengine. Akawaambia waokote vijiwe, kimoja kwa kila mtoto wa mwaka ule, na kila kijiwe wakipe jina. Wakacheka kidogo, wakaanza. Huyu Faki. Huyu Zainabu mwenye pengo. Huyu Kombo anayelala darasani. Vikafika thelathini na nane, na cha mwisho alikuwa nacho Tunu mkononi.

“Hicho ni nani?”

“Ni mimi, Mwalimu.”

“Haya. Chimbeni mashimo, kila shimo ni tenga. Wapandisheni.”

Wakapandisha, wanane, wanane, wanane, wanane. Vikabaki sita juu ya vumbi. Tunu akavitazama, akatazama kijiwe chake, na ghafla uso wote ukamkunjamana.

“Lakini nilipata,” akasema. “Mwalimu, si nilipata? Walinipigia makofi.” Na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtoto kweli, mabega yote yakienda juu.

Sikudhani akamshika. Naye machozi yalikuwa yanamtoka, kwa nini nifiche? “Hesabu uliipata, mwanangu. Ila uliulizwa nini?”

Wenzake wakatazamana. Katika miaka yao yote minne ya shule, hapakuwa na mtu aliyewahi kuwauliza jambo hilo.

“Sijui,” Tunu akasema. “Walikata.”

“Basi tukatafute.”

Hapo wakatimka, wakaingia katika marundo ya maneno yaliyopeperushwa kando ya ukingo, yakawafika kiunoni. Walichimba kwa mikono. Maneno yakaruka angani, yakajaa hewa yote, yakinong'ona mambo ya watu wa zamani, harusi na misiba na mbuzi waliopotea. Wakati mwingine watoto walisahau kilichowaleta, wakasimama tu na kusikiliza, midomo wazi, na Sikudhani akalazimika kuwaita majina yao mmoja mmoja ili warudi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyelipata la kwanza, lilikuwa limemnasa kwenye nywele: “ili”. Kisha likapatikana “wavuke”. Kisha “mangapi”. Tunu akapiga magoti, akayapanga vumbini kama mtu anayepanga dagaa juani, na karibu na mwisho akaliokota moja fupi, akalisoma mara mbili, akalitia mahali pake.

Ili watoto wote wavuke, yanahitajika matenga mangapi?

“Wote,” Tunu akasema. Akainuka, vijiwe sita kiganjani, akachimba shimo la tano, akavitia humo. “Ni matano! Mwalimu, ni matano!” Halafu, bila kungoja ruhusa ya mtu, akakichukua tena kijiwe chake, akakimbilia kwa Bwana Kinyogoli.

Baraza likakutana palepale ukingoni. Nami sitaongeza chumvi, ninawapa mambo kama Mwalimu alivyoyasema.

“Matano si jibu,” akasema Bwana Kinyogoli, kwa upole. “Nane mara tano ni arobaini. Ninyi mko thelathini na wanane. Tenga la tano litakuwa na nafasi mbili tupu. Nafasi mbili hizo niziandike wapi?”

Mjumbe mmoja mnene akasema waazimwe watoto wawili wa mwakani, watimize arobaini. Akanyamazishwa, kwa kuwa ingeharibu hesabu ya mwakani. Wa pili, kijana aliyesoma sana, akainua mkono: “Waheshimiwa, tukigawanya mpaka mwisho, jibu halisi ni matenga manne na robo tatu.” Baraza zima likashusha pumzi. Naam! Manne na robo tatu! Hapo hakuna baki wala nafasi tupu. Wakamsifu, wakaagiza msumeno, ili tenga la tano lipunguzwe robo.

Na msumeno ukaletwa kweli. Fundi akaliweka tenga ubavuni, akapima, akaanza kukereza upande ule wenye mpini wa kamba.

“Ninyi mna wazimu?” Sikudhani akapiga kelele. Adabu ilikuwa imemwisha. “Mtakata tenga mpaka lianguke na watoto! Robo ya tenga ni shimo, jamani, shimo!”

“Mgeni, punguza sauti. Jibu ni sahihi.”

“Na mimi nilikuwa jibu sahihi.”

Aliyesema ni Bi Siwema. Alikuwa ameacha gurudumu, kitu ambacho hajapata kufanya. Alisogea mpaka mbele ya Mkamuzi, wakawa wanatazamana.

“Nne, baki moja. Unakumbuka? Ulikuwa kijana, ndiyo kwanza umepewa kalamu. Wewe ndiye uliyeandika.”

Bwana Kinyogoli akafungua kitabu chake kwa mazoea, akafunua nyuma, nyuma kabisa. “Ipo,” akasema. “Nne, baki moja. Haikuwa na kosa.”

“Haikuwa na kosa. Mama yangu alining'inia kwenye kamba, akavuka kunifuata, akidhani nimetangulia. Nina miaka arobaini hapa.”

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, unalamba nyayo zao. Tunu akaufungua mkono wa yule mzee, akamtilia kijiwe kiganjani.

“Hiki kinaitwa Tunu,” akasema. “Shikamoo, babu. Kiweke mahali.”

Bwana Kinyogoli alikigeuza kijiwe. Akakiweka juu ya kitabu, kikateleza. Akakitia mfukoni, akakitoa. Alitazama mashimo manne yaliyojaa, akayahesabu kwa kidole kana kwamba nafasi ingejitokeza yenyewe. Mwisho akainama, kwa shida ya magoti yake, akakiweka ndani ya shimo la tano, pamoja na vile vitano.

“Acha msumeno,” akamwambia fundi.

Likaletwa tenga jingine, zima. Watoto sita wakapanda. Tunu akapapasa nafasi mbili zilizobaki kando yake, akaita, “Bi Siwema, njoo! Zimebaki mbili!”

“Nenda kwanza, mwanangu. Nani atazungusha?” Akalishika gurudumu, akalizungusha kwa nguvu ambazo Sikudhani hakuziona katika yale manne ya kwanza. Tenga likaingia kwenye weupe, likapotea. Kisha kutoka ng'ambo zikasikika sauti mbili za kitoto zikipigiana makelele kwa wakati mmoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni za nani.

Bi Siwema hakuachia gurudumu. “Na sisi?” akamuuliza Mkamuzi.

Mzee akageuka. Watu wa vibandani walikuwa wametoka. Walikuja wenyewe bila kuitwa, wakubwa kwa wadogo, wengine wana mvi, na wakajipanga mstari kama walivyofundishwa shuleni, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake. Ukungu ulikuwa umewafika magotini.

“Mko wangapi?” Bwana Kinyogoli akauliza.

“Hamsini na tisa, pamoja na mimi.”

Hakuhitaji kalamu. Miaka arobaini ilikuwa mdomoni mwake, ikatoka yenyewe.

“Saba, baki…”

Akakwama. Macho yake yalikuwa yameupitia mstari wote hadi mkiani. Pale mwisho walisimama watatu, babu mmoja mwenye fimbo, dada mwenye kitambaa cha njano, na kijana wa mwaka jana tu, bado yumo ndani ya sare yake ya kuvukia, imeshambana mabegani. Walikuwa wanamtazama. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Walikuwa wanangoja amalizie.

Bwana Kinyogoli akavua joho, akalishika gurudumu upande wa pili wa Bi Siwema.

“Manane,” akasema. “Leteni manane, upesi!”